Waliojiandikisha wameongezeka, mbona vijana tunaowatafuta siwaoni?

Dada mmoja anayefanya kazi ofisi ya kuwafikia vijana kwenye chuo kikuu ameniandikia hivi, nafupisha: "Bajeti ya safari imekatwa, bosi kasema kila kitu kiende mtandaoni, siku ya chuo wazi (ile ya wageni kuja kukiona chuo), kambi ya likizo, ziara za mashuleni na ile programu ya mamenta, yaani wakubwa wanaowaongoza vijana. Tumefanya webina (semina za mtandaoni) tatu tayari, waliojiandikisha ni wengi kuliko miaka yote na uongozi umefurahi, ila mimi nikiangalia majina naona shule zilezile kubwa zinazotuletea wanafunzi kila mwaka. Vijana wa kwanza kwenye familia zao kwenda chuo, wale ambao programu ilianzishwa kwa ajili yao, siwaoni. Nakosea wapi?"

Dada yangu, hujakosea. Tena umeona kitu ambacho watu wengi kwenye kazi hii wanakikwepa kwa sababu namba kubwa inapendeza kwenye ripoti. Nitakujibu kwa urefu kidogo, univumilie, hii mada naipenda na imeniumiza pia.

Kwanza uelewe kinachotokea. Ukiweka kitu mtandaoni bure, wa kwanza kukidaka ni yule ambaye tayari ana taarifa, ana kifaa, ana mzazi aliyesoma anayemwambia "hebu ingia usikilize". Hii sio hisia zangu. Mwaka 2015 watafiti Hansen na Reich waliangalia kozi 68 za bure za mtandaoni za Harvard na MIT, wakakuta washiriki wa Marekani kwa wastani wanatoka mitaa yenye kipato na elimu kubwa kuliko Mmarekani wa kawaida, na kwa vijana pengo lilionekana wazi zaidi, wenye mzazi mwenye digrii wakiwa mbele. Kumbuka kozi zile zilitangazwa kama mlango wa kila mtu, na kweli mlango ulikuwa wazi, ila waliopita ni wale waliokuwa wamesimama karibu nao. Alafu wanaomaliza pia ni wachache, hesabu ya miaka ya baadae kwenye jukwaa la mtandaoni la kozi hizohizo ilionyesha mwaka wa masomo 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3 na kidogo tu ya wote waliojiandikisha.

Kwa hiyo webina zako zinafanya kile ambacho webina hufanya zikiachwa zenyewe, yaani zinawahudumia vizuri sana wale ambao hawakuwa na shida.

Sasa kuna ule upande wa vifaa, huu nitaupitia haraka manake nadhani unaujua. Desemba 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNICEF la watoto na ITU la mawasiliano, walitoa hesabu kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 duniani, kama bilioni 1.3, hawana intaneti nyumbani. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni tatizo la nchi maskini tu. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, mwaka huohuo wa 2020 alikadiria kwamba watoto kati ya milioni 1.14 na milioni 1.78 nchini humo hawana kompyuta wala tableti ya kutumia nyumbani. Uingereza hiyo. Kwa hiyo popote ulipo, kijana unayemtafuta mchukulie kwamba anatumia simu, pengine sio yake peke yake, na bando analipima kwa jicho. Mkutano wa video wa kundi kwa saa nzima unaweza kula karibu gigabaiti moja, sauti tupu inakula sehemu ndogo tu ya hiyo, na ujumbe wa maandishi haufiki hata karibu na hapo. Ukishajua hilo maamuzi mengi yanajipanga yenyewe: fomu yako ijaribu kwenye simu ya bei rahisi kabla ya kuitangaza, video iwe fupi na uikate vipande vya dakika chache, kila kilichosemwa kwenye video kiwepo pia kwa maandishi, na usimlazimishe mtu kuwasha kamera. Hili la kamera nalisisitiza. Kuna binti nilikuwa namfuatilia kwenye kikao cha mtandaoni, hakuwahi kuwasha kamera wala kufungua maiki, mwenzangu mmoja akamwandika "hashiriki". Nilipompigia akaniambia anakaa chumba kimoja na wadogo zake na bibi yake mgonjwa, akiongea anawaamsha, ndio maana anaandika kwenye chati tu. Nikarudi kuangalia chati, maswali mazuri kuliko yote ya kikao kile yalikuwa ya kwake.

Ila hata ukitatua vifaa vyote, ukamgawia kila kijana simu na bando, bado hujafika kwenye kiini. Hapa ndipo nataka tukae.

Jiulize ile ziara ya shuleni ilikuwa inafanya nini hasa. Sio zile slaidi. Slaidi zako kijana angeweza kuzisoma popote. Kilichokuwa kinafanya kazi ni kwamba mtu fulani amesafiri hadi kwao, amekaa kwenye kiti cha darasa lao, na baada ya kipindi watoto watatu wakabaki nyuma wakamzunguka, mmoja akauliza lile swali ambalo asingeuliza mbele ya wenzake: "hivi mtu kama mimi naweza?" Na mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni akasikia jibu, na kuanzia siku ile yeye mwenyewe akaanza kuwaambia wengine. Wewe umeambiwa uhamishe programu mtandaoni, na wengi wakiambiwa hivyo wanahamisha tukio, slaidi zilezile na hotuba ileile ya mkuu wa kitivo, wanasahau kuhamisha zile dakika kumi za baada ya kipindi. Ukihamisha tukio ukaacha mtu nyuma umehamisha ganda.

Na hili sio jipya kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1971, bila masharti ya vyeti vya kuingilia, na kikawa kinafundisha kwa redio, televisheni na vitabu vinavyotumwa kwa posta. Watu wanakumbuka televisheni. Lakini tangu mwanzo kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wake anayemjua kwa jina, anayesahihisha kazi yake na kumwandikia maoni, na kulikuwa na vituo vya kukutania na kambi za kiangazi. Wale watu walikuwa na teknolojia bora ya wakati wao na bado hawakuthubutu kumwacha mwanafunzi na skrini peke yake.

Sasa utaniuliza, kwani mtandao haufai kabisa? Unafaa, na kuna sehemu unafaa kuliko ziara. Tatizo ni sehemu ipi.

Nikupe mifano miwili iweke sambamba. Marekani wana tatizo la kijana ambaye ameshapata nafasi chuoni, ameshakubali, alafu siku ya kufungua hayupo. Inakadiriwa asilimia 10 hadi 20 wanapotea hivyo katikati, na wengi ni wa familia za kipato cha chini, manake katika ile miezi miwili mitatu kuna fomu za mkopo, fomu za bweni, cheti cha chanjo, ada za kulipa, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kupita huko. Chuo cha Georgia State mwaka 2016 kiliweka chatiboti, yaani programu ya kompyuta inayojibu yenyewe meseji za simu saa yoyote, kiangazi kile kikajibu maswali zaidi ya 200,000, na kwenye jaribio lililopimwa kisayansi wanaopotea walipungua karibu moja ya tano. Hapo mtandao umefanya kazi. Mfano wa pili, hukohuko Marekani, timu nyingine ilituma meseji za kuwakumbusha vijana zaidi ya 800,000 kujaza fomu ya msaada wa masomo, kampeni kubwa ya kitaifa na ya majimbo, matokeo yakawa sifuri. Sio madogo, hayakuonekana kabisa, si kwenye msaada waliopata wala kwenye kuingia chuo.

Simu zilezile, meseji zilezile. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: meseji ya Georgia State inatoka kwenye chuo ambacho kijana ameshakichagua, inajua fomu ipi bado hajajaza, na akijibu anajibiwa. Chatiboti ikishindwa swali linaenda kwa mfanyakazi. Ile nyingine inatoka kwa taasisi kubwa ya mbali, inasema jambo la jumla, kwa mtu ambaye hana uhusiano nayo. Kwa hiyo mtandao ni mzuri sana wa kuendeleza uhusiano ulioanza na ni dhaifu wa kuuanzisha na mtu ambaye hakutegemei. Ukiishika hii tu basi utajua nini uhamishe na nini ugome kuhamisha.

Kuna mfano wa tatu ambao haukutumia intaneti sana na ndio maana naupenda, kwa sababu unaonyesha kwamba shida mara nyingi sio njia ya kufikisha bali ni kile unachofikisha. Chuo Kikuu cha Michigan kilituma kwa posta barua kwa wanafunzi wenye ufaulu mzuri wa familia za kipato cha chini: ukiomba na ukikubaliwa hutalipa ada kwa miaka minne, na hatuhitaji ujaze fomu za kuthibitisha umaskini wako ili upate ahadi hii. Wazazi nao wakaandikiwa yao, wakuu wa shule wakajulishwa. Fikiria, wengi wa vijana wale wangepata msaada kama huohuo hata bila barua, hela haikuongezeka, kilichoongezeka ni uhakika. Waliopata barua, asilimia 68 waliomba kujiunga, na wale wa kundi la kulinganisha ambao hawakupata, asilimia 26. Waliojiunga kweli, 27 dhidi ya 12. Karatasi tu! Kwa hiyo kabla hujaomba hela ya jukwaa jipya la mtandaoni muulize bosi wako, je, tuna kitu cha uhakika cha kumwambia huyu kijana, au tunampelekea tu video nzuri zaidi ya yale maneno "unaweza, jiamini"? Kujiamini wanako wengi wao. Wanachokosa ni kujua gharama kamili, nani atalipa, na wakikwama wampigie nani.

Haya, tuje kwenye kazi yako sasa, na hapa nitasema ninavyofanya mimi.

Ziara za mashuleni ndizo ningepigania zisife zote. Mwambie bosi hutaki bajeti yote, unataka safari chache kwa shule chache, zile ambazo hazijaleta mwombaji hata mmoja, na shule zinazokujua tayari ndizo ziende mtandaoni. Watu wengi hufanya kinyume, safari zinabaki kwa shule kubwa zenye ukumbi mzuri na mapokezi, na zile za pembeni zinapewa linki. Kama hata safari moja haiwezekani basi mtu wako wa kwanza ni mwalimu, usianze na mwanafunzi. Mpigie simu mwalimu mmoja kila shule, simu ya sauti, usimtumie tangazo. Mwalimu akikusanya watoto ishirini darasani mbele ya skrini moja ya shule kwa muda wa vipindi, umetatua matatizo matatu kwa wakati mmoja: bando, kifaa, na ile hali ya kijana kukaa peke yake na woga wake. Watu wanasahau kwamba mtandaoni haimaanishi kila mtu chumbani kwake. Vikao vyangu vilivyofanikiwa zaidi ni vile ambavyo upande wa pili kulikuwa na darasa zima na mwalimu anayepita kati yao.

Siku ya chuo wazi ihamishe bila huruma, hiyo inahamishika, na wa mbali wanafaidika kweli. Kijana anayeishi mbali, kijana anayetumia kiti cha magurudumu, dada anayelea mtoto, mwenye kazi ya mchana, hao wote siku ya chuo wazi ya zamani iliwaacha nje kimyakimya. Lakini usifanye tamasha la saa sita. Weka vikao vifupi kwa wiki kadhaa, jioni baadhi, vya watu kumi na tano tu, na anayeongoza awe mwanafunzi wa chuo aliyetoka shule ya aina ileile, na mlipe, jamani, hawa vijana wanafanya kazi ngumu, wasifanye kwa cheti. Hotuba za wakuu zirekodiwe ziwekwe pembeni, anayetaka atasikiliza.

Mamenta mtandaoni inaweza ikawa bora kuliko ya zamani, nasema hivyo kwa moyo wote. Menta mzuri hapatikani kila mtaa, na kijana anayetaka kusoma uhandisi anaweza kuunganishwa na mwanafunzi wa uhandisi hata kama wako mbalimbali kabisa. Kuandika kuna faida yake pia, kijana anafikiri kabla ya kujibu na anarudia kusoma jibu usiku. Ila zinakufa mapema kama hujaziwekea ratiba. Wiki ya pili, ya tatu, kimya, menta anaona aibu kusumbua na kijana anaona aibu kuonekana hajui aandike nini. Mpe kila jozi jambo la kufanya kila wiki, dogo na la kweli, mfano wiki hii tusome pamoja masharti ya kozi mbili ulizotaja, wiki ijayo tuandike aya ya kwanza ya barua ya maombi, na wewe ofisini uwe unaangalia nani hajaandika siku saba umpigie.

Na hapa lazima niseme ulinzi wa watoto, usinione mkali. Mtu mzima na kijana wa miaka kumi na sita kuandikiana kwenye WhatsApp binafsi, HAPANA. Hata kama menta ni malaika. Tumia jukwaa ambalo ofisi inaona mazungumzo na kijana anajua kwamba yanaonekana, menta afanyiwe ukaguzi wa rekodi yake kama ambavyo angefanyiwa akienda shuleni, kikao cha video kiwe na watu wazima wawili, chati ya faragha kati ya washiriki izimwe, na iwepo namba ya mtu mmoja anayepokea taarifa za hatari. Kurekodi usirekodi sura na sauti za watoto kwa mazoea tu, rekodi mtoa mada. Angalia pia sheria ya data ya kwenu inasemaje kuhusu umri: Ulaya kwa huduma za mtandaoni mtoto hawezi kutoa ridhaa mwenyewe chini ya miaka 16 isipokuwa nchi imeshusha hadi 13, Uingereza wako 13, kwenu itakuwa na namba yake, iulize ofisi ya sheria kwa maandishi. Na usikusanye usichokihitaji, nimeona fomu ya webina ya saa moja inauliza kipato cha mzazi, kijana yeyote mwenye akili anafunga ukurasa.

Kambi ya likizo ndiyo ngumu kuliko zote na sitakudanganya. Kulala bwenini, kula kantini, kupotea njia kuelekea maktaba alafu kuizoea, hicho ndicho kinachomfanya kijana aseme hapa ni pangu pia, na sijaona skrini ikifanya hivyo. Ningefanya mchanganyiko: wiki tatu mtandaoni, kazi ndogo ya kitaaluma kwenye kundi la watano watano na mwanafunzi wa juu anayewaongoza, alafu siku mbili tu za kuja chuoni, nauli na chakula mnalipa ninyi, na mnalipa KABLA, sio "leta risiti utarudishiwa". Familia isiyo na akiba haiwezi kukukopesha chuo kikuu.

Mwisho kupima, manake ndiko ulikoanzia. Acha kuripoti waliojiandikisha. Tuseme wamejiandikisha 400, wameingia 150, waliobaki hadi mwisho 90, kati ya hao 90 walengwa wako ni 12. Namba yako ni 12, hiyo ndiyo iende kwa bosi, na pembeni yake uweke ziara za mwaka juzi zilifikia walengwa wangapi na kwa gharama gani kwa kila mmoja. Najua inatisha kuipeleka 12 wakati mwenzako anapeleka 400. Ila bosi akiona kwamba ziara moja ya shule ya pembeni ilikuwa inafikia walengwa wengi kuliko webina tatu, utakuwa na hoja ya kurudishiwa hela ya mafuta ambayo hakuna maneno matupu yangekupatia. Usimdai kijana fomu ndefu ya maoni, muulize maswali mawili kwa meseji, na baada ya mwaka mmoja tafuta kwenye orodha ya waombaji nani kati yao ameomba kweli. Hiyo ya mwaka mmoja ndiyo ngumu na wengi hawaifanyi kwa sababu mradi unakuwa umeisha, anza kuiandaa sasa hivi kwa kuomba ridhaa yao ya kuwafuatilia tangu siku ya kwanza.

Wiki hii usianzishe kitu kipya. Chukua zile orodha za webina tatu, weka pembeni ya orodha ya shule zote za eneo lenu, piga mstari kila shule ambayo haikuleta hata mtu mmoja. Alafu anza kupiga simu kutokea chini ya orodha, muulize mwalimu atakayepokea vijana wake wanatumia nini kupata taarifa na saa ngapi wanakuwa huru, na usimtajie webina kabisa kwenye simu hiyo ya kwanza. Andika anachokwambia neno kwa neno, ukipata majibu ya shule tano au sita niandikie tena tuyaangalie pamoja kabla hujapanga ratiba ya msimu ujao.